Mafunzo ya kumpokea mtoto kiziwi kutoka nje ya nchi: sheria imefundishwa vizuri, lugha imecheleweshwa

Huduma ninayoitathmini hapa ni mafunzo ya maandalizi yanayotolewa na shirika lililoidhinishwa kusimamia uasili wa watoto kati ya nchi na nchi. Jina la shirika sitalitaja, kwa kuwa jalada letu bado limo mikononi mwao na kwa kuwa ninataka msomaji aipime huduma yenyewe. Mimi na mume wangu tunasikia, hatukuwa na ndugu wala rafiki kiziwi tulipoanza, na mtoto tuliyependekezewa ni kiziwi aliyefikia umri wa kuanza shule. Kwa hiyo tulipewa mafunzo ya sehemu mbili: ile ya jumla ambayo kila mzazi mtarajiwa huipitia, na ile iliyoitwa ya mahitaji maalumu, ambamo tulikutana na daktari wa masikio, mtaalamu wa upimaji wa usikivu, mshauri wa malezi na, mwishoni kabisa, mwalimu kiziwi wa lugha ya alama. Maoni yangu ni kwamba huduma hii inafaa kulipiwa, ila mpangilio wake umepinduliwa. Kilichopaswa kutangulia kimewekwa mwisho, na mzazi asiyelijua hilo mapema atakwenda kumchukua mtoto akiwa na nyaraka zote mkobani, lakini hana namna ya kumuuliza kama ana kiu.

Nianze na kilichoturidhisha. Wakufunzi wa sheria wanaijua kazi yao na hawamfichi mtu kitu. Mkataba wa The Hague wa tarehe 29 Mei 1993, unaohusu ulinzi wa watoto na ushirikiano katika uasili wa kimataifa, hawakutusomea tu, bali walituonyesha kila karatasi ya jalada letu imetokana na ibara ipi. Ibara ya 15 ndiyo inayodai ripoti juu yetu: sisi ni nani, tuna afya gani, tunaishi katika mazingira gani, kwa nini tunataka kuasili, na ni mtoto wa aina gani tunayeweza kumlea. Ibara ya 16 inadai ripoti kama hiyo juu ya mtoto, pamoja na historia ya afya yake na ya familia yake na mahitaji yoyote maalumu aliyonayo. Ibara ya 17 inazitaka mamlaka kuu za nchi zote mbili zikubaliane kwamba shughuli iendelee kabla mtoto hajakabidhiwa kwa wazazi watarajiwa, na ibara ya 29 inakataza mawasiliano kati ya wazazi watarajiwa na wazazi au walezi wa mtoto mpaka masharti ya msingi yatimizwe, isipokuwa pale uasili unapofanyika ndani ya ukoo au mamlaka husika zinapokuwa zimeweka masharti yake. Mtu akishaelewa mtiririko huo, ule usumbufu wa kusubiri unapungua kidogo, kwa sababu anajua jalada limekwama wapi na kwa sababu gani.

Walikuwa wakweli pia juu ya mambo ambayo shirika lenye tamaa ya wateja lingeyapitia haraka. Walituambia kwamba Ethiopia ilipiga marufuku uasili wa wageni mwaka 2018, kwamba Uholanzi ilisimamisha uasili kutoka nje mwaka 2021 baada ya tume ya uchunguzi kubaini ukiukwaji wa miaka mingi, na kwamba China, iliyokuwa miongoni mwa nchi zilizotoa watoto wengi zaidi, ilitangaza Septemba 2024 kuwa haitaendelea tena isipokuwa kwa ndugu wa damu na watoto wa kambo, huku familia nyingine zikiwa zimekwisha kuoanishwa na mtoto zikimsubiri. Somo lilikuwa wazi: mlango unaweza kufungwa katikati ya safari, na mzazi anayeahidiwa vinginevyo anadanganywa. Tulishukuru kuambiwa hivyo kabla ya kutoa fedha.

Pale tulipotaka zaidi, hata hivyo, wakufunzi haohao walisita. Ibara ya 4 ya mkataba inataka mambo mawili ambayo kwa mtoto kiziwi yana uzito wa pekee. La kwanza ni kwamba uasili wa nje uje baada ya kufikiriwa kwa dhati uwezekano wa kumpatia mtoto familia katika nchi yake mwenyewe. Tuliuliza kama familia ya viziwi, au familia inayotumia lugha ya alama ya nchi hiyo, iliwahi kutafutwa, maana ni rahisi kuandika kwamba hakuna aliyejitokeza ikiwa waliotangaziwa ni watu wanaosikia peke yao. La pili ni kwamba mtoto, kwa kadiri ya umri na ukomavu wake, awe ameshauriwa na kuelezwa matokeo ya uasili, na matakwa na maoni yake yawe yamezingatiwa. Katika nakala tuliyoonyeshwa kulikuwa na mstari mmoja unaosema kwamba mtoto ameelezwa na ameridhia. Ameelezwa na nani, kwa lugha ipi, akiwa na mkalimani au bila mkalimani? Mkufunzi aliitazama karatasi kwa muda, akakiri kwamba swali ni halali, akaahidi kuliandikia rasmi upande wa pili. Alitimiza ahadi, nami nampongeza kwa hilo, lakini swali kama hilo lingepaswa kuwa limechapishwa katika fomu ya shirika tangu mwanzo, lisimsubiri mzazi mbishi alibuni.

Sehemu ya afya ndiyo iliyoandaliwa kwa gharama kubwa zaidi, na inaonekana. Daktari alikuwa na subira ya kipekee. Alichukua nakala ya chati ya usikivu iliyokuja na jalada la mtoto, karatasi ambayo sisi tuliiona kama mchoro usio na maana, akatufundisha kuisoma: mstari wa mlalo ni wembamba na uzito wa sauti, kutoka hezi 250 hadi 8,000, mstari wa wima ni nguvu ya sauti kwa desibeli, na kadiri alama inavyoshuka chini ndivyo sauti inavyohitaji kuwa kubwa ili isikike. Sikio la kulia huwekewa duara, kwa kawaida jekundu, na la kushoto alama ya mkasi, kwa kawaida ya buluu. Nakala yetu ilikuwa imetolewa kwa mashine ya rangi nyeusi, kwa hiyo rangi zilikuwa zimepotea, lakini maumbo yalibaki, na hapo ndipo alipotuonyesha kwamba chati nzima ilikuwa na duara peke yake. Sikio la kushoto halikupimwa, au lilipimwa na matokeo hayakuambatishwa. Tena baadhi ya duara zilikuwa na vishale vidogo vinavyoelekea chini, ambavyo maana yake ni kwamba mtoto hakuitikia hata mashine ilipofika mwisho wa uwezo wake. Kwa hiyo namba iliyoandikwa pale inaonyesha kikomo cha mashine tu, na usikivu wa mtoto unaweza kuwa chini ya hapo. Jalada lilikuwa limefupisha yote hayo kwa neno moja: hasikii.

Kutokana na chati hiyo alitueleza ngazi ambazo Shirika la Afya Duniani lilizipanga upya katika ripoti yake ya mwaka 2021, ambapo upungufu wa kati huanzia desibeli 35, ule mkubwa huanzia 65, na ule mkubwa sana huanzia 80. Akaongeza onyo lenye manufaa: watoto waliolelewa katika makao mara nyingi huwa na maji au usaha nyuma ya ngoma ya sikio ambao haukutibiwa, na hali hiyo huongeza upungufu juu ya ule uliopo, kwa hiyo kipimo cha ngoma ya sikio kinapaswa kuandamana na chati, la sivyo hatujui tunapima nini. Tulitoka pale tukiwa na orodha ya maswali ya kupeleka kwa walezi kupitia mamlaka husika, na kila swali tulilielewa. Je, mtoto aliwahi kuugua homa ya uti wa mgongo? Ikiwa aliugua, koklea, kile kiungo cha ndani ya sikio kinachopokea sauti, inaweza kuwa inageuka mfupa, na wanaofikiria kupandikiza humo kifaa cha kusikia hawana muda wa kupoteza. Je, alichelewa kutembea, na je, anajikwaa gizani? Kuna hali ya kurithi iitwayo Usher ambayo huanza na uziwi, na katika aina yake ya kwanza mizani ya mwili huathirika pia, kisha uwezo wa kuona hupungua taratibu. Je, aliwahi kuzimia? Kuna hali nyingine adimu inayounganisha uziwi na hitilafu ya umeme wa moyo, nayo hutafutwa kwa kipimo cha moyo cha kawaida kisichomuumiza mtoto.

Ninaieleza sehemu hii kwa kirefu kwa sababu inastahili sifa, lakini pia kwa sababu ndiyo iliyotupotosha. Mafunzo yote ya mwanzo yalizunguka sikio, na mzazi anayesikiliza kwa makini huondoka akiamini kwamba kazi iliyo mbele yake ni ya hospitali. Mtaalamu wa usikivu alitueleza kwa ufasaha visaidizi vya kusikia, vile vipande vya sikioni vinavyopaswa kufinyangwa upya kila sikio la mtoto linapokua, na kipandikizi cha koklea, ambacho hupeleka ishara za umeme moja kwa moja kwenye neva ya usikivu kupitia nyaya zilizoingizwa kwa upasuaji. Alisema kweli kwamba kipandikizi hakimfanyi kiziwi kuwa mtu anayesikia kama sisi, na kwamba mtoto aliyezaliwa kiziwi akipandikizwa akiwa amekwisha kuvuka miaka ya mwanzo kwa kawaida hunufaika kidogo katika kusema kuliko aliyepandikizwa akiwa mchanga. Kisha, baada ya kutoa maelezo hayo yaliyofaa kumfikisha kwenye hitimisho lililo dhahiri, alifunga kwa kutushauri tungoje kufundisha alama mpaka vipimo vikamilike, ili mtoto asije akazembea kusema.

Ushauri huo ni mbovu na shirika halikupaswa kuuruhusu upite bila kujibiwa. Ni mabaki ya fikra iliyopitishwa katika mkutano wa Milan mwaka 1880, ambapo walimu, karibu wote wakiwa watu wanaosikia, walipiga kura kuitoa lugha ya alama madarasani, na ambayo mkutano wa kimataifa wa elimu ya viziwi uliofanyika Vancouver mwaka 2010 uliikataa na kuijutia hadharani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu wa mwaka 2006 unazitaka nchi kurahisisha kujifunza lugha ya alama na kukuza utambulisho wa kilugha wa jamii ya viziwi. Lakini hata tukiziweka pembeni nyaraka hizo, hesabu yenyewe ni rahisi. Mtoto aliyefika umri wa shule bila lugha yoyote kamili anapoteza kitu kila mwezi unaopita, kwa sababu uwezo wa ubongo wa kujenga lugha ya kwanza haubaki wazi milele, na vipimo, mialiko na foleni vinaweza kula muda mrefu. Hakuna mzazi anayemnyima mtoto chakula akisubiri kujua kama meno yake ya ukubwani yatakuwa imara.

Mwalimu wa lugha ya alama ndiye aliyeufungua ukurasa mpya, na kwa maoni yangu vipindi vyake peke yake vina thamani kuliko vilivyobaki vyote. Ni kiziwi tangu utotoni, alikuja na mkalimani kwa kipindi cha kwanza tu, na kuanzia cha pili alimruhusu mkalimani aondoke. Tulibaki sisi, yeye, na mikono yetu. Swali lake la kwanza kwetu liliandikwa ubaoni: mtoto huyu ana lugha gani sasa? Hatukuwa na jibu. Tulikuwa na desibeli, tulikuwa na hezi, tulikuwa na nakala iliyothibitishwa ya cheti cha kuzaliwa, lakini katika jalada lote hapakuwa na sentensi moja inayosema kama mtoto yuko katika shule ya viziwi, kama anaishi na viziwi wengine, kama walezi wake wanaashiria naye, au kama amebuni alama zake mwenyewe za kuomba maji na kuonyesha maumivu.

Alitueleza kwa nini jibu la swali hilo linabadilisha kila kitu. Ikiwa mtoto anasoma shule ya viziwi, basi ana lugha kamili, na lugha hiyo ni ya nchi yake. Lugha za alama zinatofautiana kama zilivyo lugha nyingine, na mipaka yake haifuati ile ya lugha zinazosemwa: kiziwi wa Marekani na kiziwi wa Uingereza hawaelewani kwa lugha zao, mmoja akitamka herufi kwa mkono mmoja na mwingine kwa mikono miwili, ilhali lugha ya Marekani ina udugu wa karibu na ya Ufaransa kwa sababu Laurent Clerc, mwalimu kiziwi Mfaransa, alisaidia kuanzisha shule ya viziwi ya Hartford, huko Marekani, mwaka 1817. Kwa hiyo mtoto anayesafirishwa kwenda nchi nyingine anahamishwa lugha pia, na mzazi mwenye busara hujifunza kwanza maneno mia kadhaa ya lugha anayoijua mtoto, ili siku za mwanzo zisiwe za ububu, kisha humwingiza katika lugha mpya kupitia ile ya kwanza. Ikiwa, kinyume chake, mtoto ana alama za kubuni tu, zile alizozitunga na walezi kwa mahitaji ya kila siku, basi alama hizo zinapaswa kurekodiwa kwa video kabla hajaondoka, maana zitakuwa kamusi pekee ya mtu mmoja duniani. Alitaja Nikaragua, ambako watoto viziwi waliokusanywa katika shule za Managua kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, kila mmoja akiwa na alama za nyumbani kwake, walizaa kwa pamoja lugha mpya ambayo wataalamu wameichunguza tangu hapo. Alichotaka tukione katika mfano huo ni kwamba alama za kubuni si upungufu wa akili, na kwamba mzazi mmoja mwenye kamusi hawezi kuchukua nafasi ya kundi la watoto wenzake.

Ufundishaji wake ulikuwa wa vitendo kupita matarajio. Alituweka mimi na mume wangu tukielekeana, dirisha likiwa nyuma yangu, akamwagiza mume wangu asome alama zangu. Hakuweza: mwanga uliokuwa nyuma yangu uliugeuza uso wangu kuwa kivuli. Tukabadilishana nafasi na tatizo likaisha, na tangu siku hiyo viti vya sebuleni kwetu vimepangwa upya. Kisha akaleta kitabu cha picha. Mzazi anayesikia humpakata mtoto na kusoma huku wote wawili wakiitazama picha, lakini mtoto kiziwi hawezi kuitazama picha na mikono ya msomaji kwa wakati mmoja. Kwa hiyo mzazi hukaa mbele yake, humwachia muda aitazame picha mpaka atosheke, husubiri ainue macho mwenyewe, ndipo huashiria. Au huifanya alama juu ya ukurasa wenyewe, palepale macho yalipo. Mimi nilikuwa na haraka. Kila mara nilianza kuashiria kabla hajainua macho, naye alikuwa akiendelea tu kuangalia picha, kwa makusudi, mpaka nilipoelewa kwamba maneno yangu yote yalikuwa yamepotea hewani.

Mambo mengine aliyotufundisha ni madogo kuyataja lakini mazito kuyaishi. Mtoto huitwa kwa kuguswa begani au kupungiwa mkono pembezoni mwa macho, si kwa kugeuzwa kidevu. Mazungumzo ya usiku humalizwa kabla ya taa kuzimwa, kwa sababu taa ikizimwa mzazi ametoweka. Wakubwa wakiongea mezani mbele yake, humwambia palepale wanachokiongea, kwani kiziwi anayekulia katika nyumba ya wanaosikia huchoshwa na jibu la kwamba ataelezwa baadaye. Kengele ya mlango na king'ora cha moshi huwekewa taa inayowaka na kuzima. Na mtoto akifumba macho katikati ya ugomvi, hiyo ndiyo njia yake ya kuziba masikio. Aachwe mpaka ayafumbue.

Hapo ndipo mafunzo ya mshauri wa malezi yalipogongana na ya mwalimu, na nadhani shirika lenyewe halijatambua mgongano huo. Mshauri alikuwa mzuri kwa watoto kwa jumla. Alieleza jinsi mtoto aliyebadilishiwa walezi mara nyingi anavyoweza kumkumbatia kila mgeni au kutomkaribia yeyote, jinsi anavyoweza kuficha vitu chini ya mto, na kwa nini wageni wapunguzwe nyumbani katika miezi ya mwanzo ili mtoto ajue mzazi ni nani. Lakini alitufundisha kupima ukaribu kwa jinsi mtoto anavyotutazama machoni, na mwalimu, tulipomsimulia, alitikisa kichwa: kiziwi humtazama usoni kila mtu, hata muuzaji asiyemjua, kwa kuwa usoni ndiko habari zinakotoka. Na ule ushauri wa kupunguza wageni, ukifuatwa kwa ukamilifu, utamtenga mtoto na viziwi wengine wakati ule ule anaowahitaji zaidi. Tuliwaomba wakutanishwe ili watupatie mwongozo mmoja. Jibu lilikuwa kwamba ratiba haina nafasi, na mpaka mwisho tulibaki tukiamua wenyewe: wageni wanaosikia watasubiri, viziwi wawili au watatu waliozoeleka watakuja tangu mwanzo.

Kuhusu kumwandaa mtoto mwenyewe, mafunzo yalikuwa na jambo moja zuri sana, nalo ni albamu ya picha inayotumwa mapema kupitia mamlaka: sisi, nyumba, kitanda chake, gari, ndege. Mtoto anayesikia huambiwa kwamba anahamia kwa wazazi wapya. Mtoto asiye na lugha ya kutosha akipandishwa ndege anaweza kuamini kwamba ni matembezi na kwamba jioni atarudishwa, na kila jioni isiyomrudisha inakuwa pigo jipya. Mwalimu aliiboresha albamu hiyo kwa kuipanga kama kalenda, picha moja kwa kila siku, na kuingiza ukurasa wa kuagana, wenye picha ya walezi na marafiki zake wakimpungia mkono na kubaki. Albamu ya shirika haikuwa na ukurasa huo. Ilianzia kwetu, kana kwamba mtoto hakuwa na kwao.

Upande wa uendeshaji nitaupitia kwa ufupi. Barua zilijibiwa kwa wakati, ada zilielezwa zote kabla ya kusaini, risiti zilitolewa kwa kila malipo, na hakuna aliyetudokezea zawadi wala mchango wa pembeni, jambo ambalo ibara ya 32 ya mkataba ingelikataza hata hivyo. Kasoro kubwa ni ile ambayo sikuitegemea kabisa kwa mafunzo ya aina hii: video zote za masomo ya jumla hazikuwa na maandishi wala mkalimani. Maana yake ni kwamba wanandoa viziwi, ambao kwa haki wangekuwa wazazi waliojiandaa kuliko sisi sote, hawawezi kuhudhuria mafunzo ya kumlea mtoto kiziwi. Niliandika malalamiko kuhusu hilo. Nilijibiwa kwa adabu kwamba maombi ya wanandoa wa namna hiyo hayajawahi kupokelewa, na nashangaa kama aliyeandika jibu hilo hakuona kwamba alikuwa ameeleza sababu.

Kwa wanandoa wanaofikiria huduma kama hii, ushauri wangu ni kwamba wasisubiri ratiba. Watafute mwalimu kiziwi kabla hata ripoti ya ibara ya 15 haijaandikwa, kwa sababu uwezo wao wa kuwasiliana ni sehemu ya kile kinachopimwa na maofisa wa ustawi wa jamii hufurahia kuukuta. Waombe ripoti ya lugha ya mtoto kwa msisitizo ule ule wanaoombea chati ya usikivu, wakitaka video fupi ya mtoto akicheza na wenzake. Ofisi nyingine hukataa kwa sababu za faragha, lakini yetu ilikubali ilipoombwa kwa njia rasmi, na katika video hiyo mwalimu aliona mengi ambayo daktari hakuyaona, ikiwemo kwamba mtoto huwaashiria wenzake na kuacha kuashiria mlezi anapokaribia. Vipindi vya mwalimu tulivyopewa ndani ya mafunzo ni vichache mno kumfikisha mtu popote, nasi tunaendelea naye kwa malipo yetu wenyewe.

Linalobaki ni ufuatiliaji wa baada ya mtoto kufika, ambao umo katika mkataba wetu na shirika: ofisa wa ustawi wa jamii atatutembelea, atazungumza na mtoto, ataandika ripoti itakayopelekwa nchi anakotoka. Ofisa huyo haijui lugha ya alama. Tulipouliza atazungumzaje na mtoto, tuliambiwa kwamba sisi wazazi tutamtafsiria, yaani wale wanaochunguzwa ndio watakaobeba maneno ya shahidi. Tulikataa, tukaomba mkalimani wa nje anayelipwa na shirika, na nikiri kwamba mkurugenzi alilielewa jambo hilo upesi kuliko nilivyotarajia. Mpaka ninapoandika, wamekubali kwa maandishi kwamba mkalimani atakuwepo katika ziara ya kwanza. Kuhusu ziara zinazofuata bado tunaandikiana.